Magazini: Hazina ndogo iliyozunguka dunia ikarudi nyumbani

Jumapili moja jioni, miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi hufanya kazi ya tafsiri alinitumia hati kwa simu. "Mwalimu, shikamoo. Tafadhali nipitishie macho hii. Inahitajika kortini kesho saa tatu asubuhi."

Ilikuwa taarifa ya afisa wa polisi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Binti huyu alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili ili mshtakiwa, mfugaji asiyejua Kiingereza, aelewe ushahidi uliotolewa dhidi yake. Hiyo si hisani. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo.

Nilisoma vizuri hadi ukurasa wa pili. Hapo nikakutana na sentensi hii: "Ndani ya sanduku la mshtakiwa lilipatikana jarida moja lililokuwa na mizunguko 14."

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Binti wa watu alikuwa amefungua kamusi, akaona kwamba magazine ni jarida na round ni mzunguko, akaandika. Kamusi haikumdanganya, ilimjibu swali ambalo hakuwa ameliuliza. Basi nikashika kalamu kwa madaha ya mtu aliyefundisha lugha kwa miaka mingi, nikakata "jarida," nikaandika "kasha la risasi." Nikakata "mizunguko," nikaandika "risasi." Nikamrudishia hati, nikalala usingizi mnono.

Kesho yake saa saba mchana simu ikalia. "Mwalimu, mawakili wamevutana karibu nusu saa kuhusu lile kasha."

Kasha gani? Wakili wa mshtakiwa alitaka kujua kama ni lile kasha la karatasi ambamo risasi huuzwa, au ni chombo kinachochomekwa kwenye bunduki. Tofauti yake si ndogo. La kwanza ni karatasi tu, mtu anaweza kuliokota njiani. La pili ni kiungo cha bunduki, na anayekutwa nacho ataulizwa bunduki yenyewe iko wapi. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, haina mzaha katika mambo haya. Hakimu aliagiza tafsiri isahihishwe, akaahirisha kesi kwa wiki moja. Mshtakiwa akarudishwa rumande.

Wiki nzima, msomaji, kwa sababu ya neno langu. Si la yule binti. Ni langu mimi.

Jioni hiyo nilivuka ua nikaenda kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini. Nilimweleza yaliyonisibu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma mpaka ukamaliza, na hili hukulijua? Hicho kitu ni magazini. Kila mtu anakiita magazini. Si askari, si mchungaji, si mwizi."

Nilimjibu kwamba hilo ni neno la Kiingereza, na mimi nilikuwa nikitafuta la Kiswahili. Mzee akaniuliza: "Na bunduki ni neno la nani?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Hebu tulijibu. Bunduki ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Kwao bunduq ilikuwa aina ya kokwa inayoliwa, kisha neno likapewa vijidonge vilivyorushwa kwa upinde, na mwishowe silaha yenyewe. Risasi nayo ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile madini laini na nzito ambayo mpaka leo tunaiita risasi. Baruti vilevile ilitoka huko. Singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, ilitufikia kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Katika ghala hili la maneno ya vita, mzinga ndio mtoto wa nyumbani: Wabantu walitazama lile bomba nene la kutupia makombora, wakakumbuka gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, wakalipa jina hilo hilo.

Kwa hivyo anayedai usafi wa Kiswahili katika mambo ya bunduki ana kazi kubwa. Lakini kilichonishangaza zaidi ni magazini yenyewe. Nilipofuatilia nasaba yake, niligundua kwamba neno nililokuwa nikilifukuza mlangoni lilikuwa ndugu wa damu wa neno ambalo kila Mkenya hulitamka wakati bajeti inaposomwa.

Katika Kiarabu kuna mzizi wa kh-z-n, wenye maana ya kuhifadhi au kuweka akiba. Kutokana nao kuna makhzan, yaani ghala, na wingi wake makhazin. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua neno hilo. Waitaliano wakasema magazzino. Wafaransa wakasema magasin, ambalo leo kwao ni duka. Wahispania wakalibeba pamoja na kiambishi chake cha Kiarabu, wakapata almacén. Wareno wakasema armazém. Waingereza walilipokea likiwa na maana ya ghala, hasa ghala la silaha na baruti.

Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha jijini London chapisho aliloliita The Gentleman's Magazine. Alikusudia kusema kwamba ni ghala la maandishi ya kila namna. Hapo ndipo neno lilipogawanyika: tawi moja likaenda kwenye karatasi, jingine likabaki kwenye baruti. Katika karne ya 19, bunduki zilipoanza kubeba akiba yake ya risasi ndani ya mwili wake, kighala hicho kidogo nacho kikaitwa magazine.

Na sisi je? Kutokana na mzizi uo huo sisi tulipata hazina, na mhazini anayeitunza. Hazina ya Kitaifa pale Nairobi na kile kibweta cha chuma kilicho chini ya bunduki ni wana wa baba mmoja. Mmoja alikuja moja kwa moja kwa jahazi. Mwingine alizunguka Ulaya kwa karne nyingi, akarudi amevaa suti.

Nilipomsimulia Mzee haya alifurahi, lakini hakushangaa. "Ni sawa kuitwa hazina," alisema. "Ila ujue kitu kimoja, Mwalimu. Hazina haisifiwi kwa kuweka. Inasifiwa kwa kutoa." Kisha akanieleza jinsi walivyokuwa wakichagua magazini zao kambini. Maelezo yake yalinifanya nirudi kwenye vitabu vya historia ya silaha, na humo nikakuta kwamba majeshi makubwa ya dunia yalilipia somo hilo kwa damu.

Tuanze mwanzo. Gobori lilijazwa kupitia mdomoni: baruti, kisha risasi, kisha mdeki wa kushindilia. Mlio mmoja, kazi upya. Risasi yenye ganda la madini ilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, iliwezekana kuziweka nyingi pamoja. Bunduki ya Henry ya Marekani, ya mwaka 1860, ilizipanga kwenye bomba chini ya mtutu. Wafaransa walifanya hivyo pia katika Lebel ya 1886, iliyobeba nane bombani. Lakini bomba lina kasoro. Risasi hulala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile, yaani kile kidoa cha nyuma kinacholipuka kikigongwa. Ncha ikiwa kali, bunduki inaweza kumgeuka mwenyewe.

Mtu aliyetupa umbo tunalolijua leo ni James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1879 alipewa hataza ya kisanduku kinachochomekwa chini ya bunduki, risasi zikipangwa juu kwa juu na springi ikizisukuma. Uingereza ilikichukua kisanduku hicho katika bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888, kisha Lee-Enfield, iliyobeba risasi 10. Hiyo ndiyo bunduki ambayo askari wengi wa KAR, babu zetu, waliibeba katika Vita vya Pili vya Dunia hadi Burma.

Ajabu ni kwamba wakubwa wa jeshi hawakuiamini hazina hii. Waliwekea bunduki hizo za mwanzo kibati cha kuifunga magazini, ili askari atie risasi moja moja kwa mkono na kuiacha akiba kwa siku ya dhiki. Waliogopa askari atazimaliza ovyo. Vita vya Kwanza vilipopamba moto, kibati hicho kikaondolewa.

Hata hazina hiyo ya Lee ilikuwa na masharti. Risasi ya Lee-Enfield ilikuwa na ukingo uliojitokeza nyuma. Askari akizipanga vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukaangukia nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zilinasana na bunduki ikagoma. Hapakuwa na kilichoharibika. Mpangilio tu ndio uliokosewa. Kwa hivyo kuruta alifundishwa kupanga kabla ya kulenga.

Mfano mchungu zaidi ni wa Wafaransa. Mwaka 1915 walianza kutumia bunduki nyepesi ya rashasha iitwayo Chauchat. Magazini yake ilikuwa na umbo la nusu mwezi, na ubavu wake mmoja uliachwa wazi ili askari aone risasi zilizobaki. Wazo zuri sana likiwa mezani. Lakini vita vilipiganwa kwenye mahandaki yenye matope hadi magotini, na tope halibishi hodi. Magazini zilijaa uchafu, bati lake jepesi likapindika, na bunduki nyingi zikakwama wakati adui anakuja.

Kisha zikaja bunduki zinazojijaza zenyewe. Hapa niombe radhi nieleze kidogo, maana bila hilo hatuelewi kwa nini kisanduku cha bati kina uzito huu wote. Katika bunduki ya zamani, askari huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Katika ile inayojijaza, nguvu ya mlio wenyewe hulirudisha komeo nyuma na kulitupa ganda, na springi hulirudisha komeo mbele likiwa linaikokota risasi mpya. Hayo yote hutendeka kufumba na kufumbua. Ikiwa magazini haijaileta risasi mahali pake kwa wakati huo, komeo hupita juu ya hewa tupu au huibana risasi ikiwa imekaa upande. Bunduki ikagoma. Kwa maneno mengine, bunduki ya namna hii haiwezi kuwa bora kuliko magazini yake.

Marekani ndiyo iliyotangulia kuwapa askari wake wa kawaida bunduki ya aina hiyo, M1 Garand, mwaka 1936. Lakini Garand haikuwa na magazini ya kuchomoa. Ilijazwa kwa klipu ya risasi nane, na ya mwisho ilipotoka, klipu nayo ilirushwa nje. Wakalimani wajihadhari hapa: klipu si magazini. Klipu ni kibanio tu kinachozishika risasi pamoja. Magazini ina springi, ndiyo inayolisha. Watu wengi, hata waandishi wa habari, huzichanganya.

Warusi wakaja na AK baada ya vita hivyo. Risasi yake imepungua unene kuelekea mbele, na ukipanga vitu vya umbo hilo kimoja juu ya kingine, mpango wenyewe utapinda. Ndiyo maana magazini yake ina umbo la ndizi, si urembo. Ilitengenezwa kwa chuma kigumu, midomo yake minene. Ilikuwa nzito kubeba, lakini ilivumilia kuangushwa na kukanyagwa. Umaarufu wa AK wa kutokwama una deni kubwa kwa kisanduku hicho.

Wamarekani walielekea upande mwingine. M16 yao ilikwenda Vietnam ikiwa na magazini nyepesi ya alumini ya risasi 20. Bunduki ilikwama vibaya, vijana wakafa silaha zikiwa zimefunguliwa mikononi mwao. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge lao, iliyoongozwa na Richard Ichord, ilichunguza kadhia hiyo. Tuwe waadilifu: lawama kubwa iliangukia baruti iliyobadilishwa, chemba isiyopakwa kromiamu, na askari kukosa vifaa vya kusafishia. Lakini askari wenyewe walikuwa wamejifunza jambo jingine, wengi wao wakitia risasi 18 badala ya 20 ili springi isibanwe kupita kiasi. Waliamua kuwa na akiba ndogo inayotoka kuliko kubwa inayogoma.

Baadaye ikaja ya risasi 30. Tundu la bunduki lilikuwa limechongwa kwa kisanduku kilichonyooka, ilhali risasi 30 zinadai kupinda. Ikatengenezwa magazini iliyonyooka juu na kupinda chini. Penye kiungo hicho kile kisahani kinachokaa juu ya springi na kusukuma risasi kiliweza kuinama, na kikiinama, risasi hupanda kichwa upande. Ilichukua miongo kadhaa kukitibu kisahani hicho. Kilibadilishwa kikawa cha kijani, kisha mwaka 2009 kikaja cha rangi ya kaki kisichoinama. Wakati huo kampuni ya Magpul ilikuwa imekwisha kutoa, mwaka 2007, magazini ya plastiki ngumu ambayo wanajeshi walianza kuipenda. Jeshi la Wanamaji wa nchi kavu la Marekani liliiidhinisha Desemba 2016. Hebu fikiria: taifa lililompeleka mtu mwezini mwaka 1969 lilikuwa bado linahangaika na kisahani cha magazini miaka 40 baadaye.

Kwetu hapa somo hilo lina sura yake. Wapiganaji wa Mau Mau walijiundia bunduki msituni kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya magurudumu. Ustadi wao ni wa kutolewa kofia. Lakini bunduki hizo zilikuwa za mlio mmoja mmoja. Mtutu ungeweza kupatikana kwa fundi bomba. Hazina inayotoa risasi kwa mpango, hiyo ilihitaji kiwanda.

Sasa nirudi kwa Mzee na kanuni zake. Alisema kwamba kambini walipewa magazini za G3, risasi 20 kila moja, na askari mwerevu hakuchukua ya kwanza aliyopewa. Alitazama midomo: ikiwa imepanuka, imebonyea au ina ufa, aliirudisha. Alibonyeza kisahani kwa kidole; kilipaswa kushuka na kupanda sawasawa bila kuinama wala kusita. Alitazama mbavu kama zina kibonyeo. Aliichomeka na kuivuta ajue kama inashika. Kisha akaitia alama ya rangi. "Bunduki ikikwama mara moja, unaweza kulaumu risasi," alisema. "Ikikwama mara ya pili na magazini ile ile yenye alama, hiyo usiihurumie. Irudishe stoo. Ukiirudisha kwenye mfuko, itampata mwenzako."

Niliyaandika maneno hayo, kwa sababu niliona yanahusu kazi yangu zaidi ya yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Labda. Lakini akiba isiyotoka inapohitajika ina faida gani? Kamusi zetu zimejaa maneno. Tumeyahesabu, tumejivunia wingi wake. Hata hivyo, siku mkalimani alipohitaji neno moja mbele ya hakimu, hazina ilitoa "jarida." Na mimi, mhazini wake, nikatoa "kasha." Yote mawili ni Kiswahili sanifu. Yote mawili yalikwama.

Wapo watakaosema tuunde istilahi mpya, tuite "kihazina" au "kilisharisasi." Mimi nimeacha ushupavu huo. Magazini limekwisha kubisha hodi, limeketi, limekula. Linatamkwa kwa silabi zetu na linakubali upatanisho wetu: magazini hii, magazini zile. Tena ni la ukoo. Kazi iliyobaki ni kuliingiza kamusini likiwa na maana yake kamili, pembeni ya jarida, klipu, risasi na ganda, ili mkalimani anayefungua ukurasa usiku wa manane aone mpaka kati ya moja na jingine. Tena tuwaulize wanaovitumia vitu hivyo kabla ya kuwaundia majina.

Nilimpigia yule binti usiku huo huo. Tulikubaliana kuandika: "magazini moja ya bunduki iliyokuwa na risasi 14 ndani yake." Hakuna urembo.

Wiki ilipoisha alinisimulia yaliyotokea. Tafsiri mpya iliposomwa, mfugaji yule, ambaye siku ya kwanza alikuwa amekaa akitazama sakafu, aliinua kichwa hata kabla sentensi haijaisha.

"Magazini naijua," alisema. "Hiyo si yangu. Na sanduku lile tunalitumia watu watatu."

Kesi ilianza kusikizwa hapo. Ilivyoamuliwa ni kazi ya hakimu. Mimi nilibaki na hesabu yangu: katika chumba kile, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani alilijua neno, na mwalimu aliyelikosa alikuwa nyumbani anakunywa chai.